Kabla hujanunua GPS ya gari, uliza antena inakaa wapi

Nimetoa laki tatu na nusu kununua redio ya Android yenye GPS, na safari ya kwanza tu imenilaza njiani. Nilikuwa natoka Tabora kufuata asali, mbele ya Sikonge, kwa wafuga nyuki ninaonunua kwao kila msimu. Ukishaacha lami, njia za vumbi ni nyingi na zote zinafanana, miombo kulia, miombo kushoto. Kishale cha gari kwenye skrini kikawa kinatembea porini peke yake, mbali na njia niliyokuwa naikanyaga. Kikasimama. Kikaruka ng'ambo. Saa kumi na mbili jioni nikakunja njia isiyo yangu, na madumu ya asali nikayaona kesho yake saa nne.

Niliporudi mjini nikaenda kwa fundi. Aling'oa redio, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akasema, "Mama, antena yako hii hapa." Kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimezungushiwa utepe na kubanwa kwenye chuma cha dashibodi, uso umeangalia sakafu. Aliyeifunga alitaka waya usionekane.

Kasoro hiyo hakuna muuzaji anayeitaja, na wanunuzi hatuiulizi. Tunauliza skrini inchi ngapi, kamera ya nyuma ipo, Bluetooth ipo. Hayo siyaandiki leo.

Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomiki, na muda wote inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako kinapima tangazo limetumia muda gani njiani, na kwa kuwa mawimbi hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, muda huo haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Umbali wa satelaiti tatu ungetosha kukuonyesha ulipo, lakini saa iliyomo kwenye kifaa ni ya kawaida, na ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umeshapotea mita 300. Satelaiti ya nne ndiyo inayoisahihisha. Sasa mawimbi hayo yakifika chini yamechoka mno. Bati la gari linayazuia. Tinti yenye chembe za chuma inayapunguza. Na yale yanayofika baada ya kudunda kwenye chuma yanakuwa yamechelewa, kifaa kinadhani satelaiti iko mbali zaidi ya ilivyo, ndipo kishale kinaruka kama changu. Antena ikiona mbingu, taabu nyingi hizi huzioni.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kifaa cha GPS cha kampuni ya Garmin, na sifichi. Antena imo ndani ya kifaa, na kifaa chenyewe kinakaa juu ya dashibodi au kinabandikwa kwenye kioo cha mbele, hakuna fundi wa kukuzikia kitu. Kampuni hii imekuwa kwenye kazi ya GPS tangu 1989, na inaonekana. Bei inauma, nakubali. Angalia pia ramani: kilichotoka Ulaya huja na ramani ya Ulaya. Tracks4Africa wanauza ramani yenye njia za vumbi za kwetu, na za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, zinapatikana bure.

Namba mbili ni simu uliyonayo. Wasomaji wengi mnaniuliza kama GPS inakula bando. Haili. Bando linaisaidia kuanza haraka tu, kwa kuwa taarifa za satelaiti zilipo inazipata mtandaoni. Mtandao usipokuwepo, inabidi izisikilize kutoka kwenye satelaiti zenyewe, na tangazo hilo hurudiwa kila sekunde 30; likikatika katikati, unasubiri mzunguko mwingine. Basi usiiwashe ukiwa chini ya mwembe halafu ukaondoka mbio. Simama peupe dakika mbili. Weka Organic Maps, programu ya ramani inayofanya kazi bila mtandao, na upakue ramani yake ukiwa bado mjini. Chagua simu inayopokea pia satelaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, maana satelaiti zikiwa nyingi, hata kwenye upenyo mdogo kati ya miti utazipata za kutosha. Ubaya wake ni joto: jua la saa nane juu ya dashibodi huizima simu kabisa.

Redio ya Android naiweka ya tatu, kwa sharti kwamba unasimama hapohapo antena ikifungwa. Ikae kwenye kona ya dashibodi chini ya kioo, upande wenye sumaku chini, uso juu.

Vifaa vya bei chee visivyo na jina, acha. Ile skrini iliyokuja na gari kutoka Japani, ramani yake ni ya Japani.

Kinachoniumiza zaidi ni wauzaji. Mmoja alitaka elfu hamsini "kuingiza ramani," ramani ambayo hailipiwi. Mwingine alimwambia msomaji wangu GPS inalipiwa kila mwezi. Mawimbi ya GPS ni bure kwa kila mtu, na tangu Mei 2000 Marekani ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi, raia wa kawaida anapata usahihi wa mita chache. Niliporudi kwa aliyeniuzia redio, alikataa kuipokea. "Mama, porini hakuna mtandao." Satelaiti haihitaji mnara wa simu, nilimwambia, akageukia mteja mwingine.

Fundi alinitoza elfu kumi kuihamisha antena. Waya wake ulikuwa na urefu wa kutosha tangu mwanzo, karibu mita tatu, umekunjwa nyuma ya redio na kufungwa kwa mpira.