Gereji ya chini ya mkungu, Tabata: nyota 4, ya tano nimeibana kwa sababu ya choo

Gari yangu ni Toyota IST ile ya zamani, injini ya 1NZ, yaani gari ambayo kila ukoo Dar una mjomba anayejifanya fundi wake. Mwezi wa tatu ikaanza kumis, yaani injini inarukaruka kuchoma mafuta. Asubuhi inawaka freshi kabisa, ukiingia barabara ya mashimo au ukiwasha AC kwenye foleni ya Mandela inaanza kutetemeka kama ina homa, taa ya injini inawaka, unakanyaga mafuta na haiendi, nyuma daladala zinakupigia honi.

Kabla ya Tabata nilianzia gereji moja kubwa, jina silitaji. Sakafu tailizi, kahawa ya bure, na ukutani vyeti kwenye fremu vimepangana kama picha za marais. Hapo ndo niliingia mkenge, maana mi ni mtu wa vyeti, nimelelewa hivyo, nyumbani kwetu picha ya mahafali yangu ya Mlimani ni kubwa kuliko ya harusi ya wazazi. Kijana wa mapokezi akaniambia "madam, mafundi wetu wote ni mainjinia", nikatulia kwenye sofa. Wakachomeka mashine ya kusoma makosa ya injini, ikaleta koili, kile kifaa kinacholeta cheche, wakabadili koili zote 4 na plagi zake, nikalipa 420,000. Siku ya 9 mis ikarudi. Kurudi kwao safari hii naambiwa kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, 650,000. Nikauliza mmeipimaje hiyo kontrol boksi, yule kijana akarudia sentensi ileile ila polepole, halafu akamalizia "haya mambo ni ya kitaalamu kidogo madam." Nikachukua funguo zangu nikaondoka, gari inatetemeka na mi natetemeka.

Tabata nilielekezwa na mwenzangu wa ofisini. Gereji haina jina, ni uwanja wa mchanga, mkungu mmoja mkubwa, kontena la spea, na kibao kimeandikwa FUNDI MAGARI kwa rangi iliyobaki kwenye geti la mtu. Kuna watu wawili wa kuwajua. Wa kwanza wanamwita Babu ingawa hajafika hata sitini, alimaliza darasa la saba akaanza kama saidia fundi Gerezani, kazi yake ikiwa kuosha vyuma tu. Wa pili ni dogo mwenye digrii ya uhandisi wa magari ya NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, alikuja hapo kufanya field, alipomaliza chuo akarudi "kusubiria ajira" na sasa ni mwaka wa pili anasubiria, mikono imejaa grisi.

Babu hakugusa mashine kwanza. Aliniuliza maswali. Inamis ikiwa ya baridi au ya moto? Kwenye tuta au hata kwenye lami? Ukizima AC inatulia? Aisee kule kwenye tailizi hakuna aliyewahi kuniuliza, waliiuliza mashine tu. Akasikiliza injini ikiwa sailensa, inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kichwa kimeinama, akasema "hii sio koili dada'angu." Dogo akamjibu "Babu tupime kwanza", wakahamisha koili ya silinda namba 2 wakaiweka namba 3, wakawasha, ugonjwa ukabaki palepale namba 2. Dakika kumi tu! Ina maana hela yangu ya koili ilikwenda na maji.

Dogo ndo akanielewesha, kachora kabisa nyuma ya boksi la plagi. Mashine ilikuwa imeandika tatizo liko kwenye saketi ya koili namba 2, na saketi sio koili peke yake, ni pamoja na nyaya zake. "Dada, soketi hii ina nyaya nne. Moja inaleta moto, moja ni athi, moja kontrol boksi inatuma amri cheche ipigwe, na ya nne inarudisha jibu kwamba imepigwa. Jibu lisiporudi, mashine inailaumu saketi nzima, na mtu mvivu anabadili koili." Akachukua mita akapima waya mmoja mmoja. Yote mizima. Akarudia. Mizima. Chai yake imepoa, chapati imeliwa na inzi, yeye anaongea peke yake tu "haiwezekani, haiwezekani." Babu alikuwa amekaa kwenye tairi, akasema neno moja, "Tikisa." Dogo akatikisa waya huku mita imeshikwa, namba zikaruka. Waya ulikuwa umekatika kwa ndani karibu na soketi, ganda zima kabisa, kwa hiyo ukituliza unagusana, ukipita kwenye shimo unaachana.

Soketi ya mtumba na kipande cha waya kutoka Ilala kwa boda 15,000, ufundi 40,000. Miezi minne sasa haijamis.

Sasa pale kwenye benchi nilikaa masaa matatu na nusu nikawa nawaza ule ubishi wetu wa kila siku, kipi muhimu zaidi, digrii ya chuo chenye jina au kuipenda kazi. Wale wa tailizi yawezekana wamesoma darasa moja na huyu dogo. Bila darasa hilo asingejua waya wa nne unafanya nini, na Babu mwenyewe hajui, alikiri. Ila nilichokiona kwa hawa wawili ni kukereka. Walikerekwa na gari ya mtu mwingine. Mi sijakerekwa na kitu chochote kazini kwangu tangu 2019, na ofisi ni nzuri, na Bodi ya Mikopo inakata 15% yake ya mshahara kila mwezi kwa kozi niliyoichagua kwa sababu alama zilitosha.

Na msije mkaanza kumsifia Babu kwamba shule haina maana. Kuna kampuni ina magari ya kusambaza mizigo ilimkataa kwa sababu hana karatasi, mpaka alipoenda VETA kwenye ule urasimishaji, wanakupima ujuzi ulionao tayari wanakupa cheti, ndo akapewa kazi. Cheti kakitundika kwenye kontena, kavisha nailoni. Na nimewahi kuwa na fundi Kinondoni anaipenda kazi yake hadi anaimba, akaunga waya dairekti bila fyuzi, nusura aniunguzie gari. Alikuwa anaimba vizuri lakini.

Dogo bado anaenda kwenye usaili wa serikali. Mama yake huwaambia majirani yuko "kampuni ya magari." Nikamuuliza ukiitwa utakwenda? Akasema ataenda, ila Jumamosi atakuwa anakuja hapa.

Mabaya yao: choo ni cha nyumba ya jirani na inabidi uombe ufunguo, mwanamke jipange. Kukaa ni benchi au tairi. Singeli inapigwa kuanzia asubuhi. Risiti ya kuandikwa kwa mkono. Watakuelezea tatizo lako hata kama umechoka na hutaki kujua. Kazi za AC hawafanyi, walisema wenyewe bila kuona aibu, wakanielekeza kwingine. Ijumaa usiende mchana, Babu anakuwa msikitini mpaka saa nane.

Na ukifika ukakuta dogo hayupo na shida yako ni ya umeme, msubiri. Babu mwenyewe atakwambia umsubiri.