Uzoefu wangu na mpango mpya wa kuzolewa taka Langoni

Kikundi kinachotuzolea taka mtaani Langoni, hapa Lamu, kimebadilisha mambo mawili kwa mpigo mmoja. Ada imepanda kutoka shilingi 200 hadi 300 kwa mwezi, na kila nyumba sasa yatakiwa itenge taka zake kabla punda wa kuzibeba hajafika. Wengi wanalalamikia ada. Langu mimi ni ratiba.

Kazi ya kutenga wameianza vizuri. Tulipewa magunia mawili, moja la plastiki ngumu na makopo, jingine la taka za jikoni, na vijana wakapita mlango kwa mlango kutuelekeza bila haraka. Majerikani, ndoo zilizopasuka na vifuniko vina mnunuzi kwa sababu husagwa na kuyeyushwa upya. Nepi na karatasi za biskuti hazina. Chupa ya maji huvuliwa kifuniko kwanza, kwani plastiki zake ni za aina mbili na haziyeyuki kwa joto moja. Watu wa Lamu hawahitaji kushawishiwa kwamba plastiki ina kazi: jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki zilizokusanywa na kuvikwa ndara za kila rangi, lilishushwa majini hapa hapa mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Kuna wanaouliza kwa nini tulipe kikundi ilhali Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka. Ni swali la haki. Ila lori haliingii katika vichochoro vyetu. Mzigo hubebwa na punda au mkokoteni, na punda lazima ale. Na kutenga taka nyumbani ni agizo la sheria ya taka ya 2022, kikundi kiwepo kisiwepo.

Sasa ratiba. Zamani walipita siku moja, wakaruka moja. Siku hizi taka za jikoni huchukuliwa Jumatatu na Alhamisi tu. Matumbo ya samaki na machicha ya nazi ya Alhamisi jioni yakae hadi Jumatatu, kwa joto hili? Nyumba zetu zimebanana, hazina uwanja wa nyuma. Harufu hushuka yote kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba. Gunia likiwekwa nje, paka wa mtaa hulipasua kabla ya alfajiri. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: majirani wameanza kuzitia taka za jikoni kwenye gunia la plastiki, ambalo huchukuliwa siku nyingine, ili ziondoke upesi. Plastiki iliyopakaa shombo lazima ioshwe ndipo isagwe, na maji yetu ni ya visima vya mchangani Shela, si ya kumwagwa ovyo. Kazi yote ya kutenga inaharibika hapo.

Jingine, ada ni moja kwa kila mlango. Bibi anayeishi peke yake analipa sawa na nyumba ya wageni inayojaza magunia kila siku. Hilo silikubali. Wenye nyumba za wageni watozwe kwa gunia.

Malipo kwa simu hayana usumbufu, ujumbe wa risiti huja papo hapo.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakiongeza Jumamosi kwa taka za jikoni, mimi niko tayari kulipa 350.