Uzoefu wangu na huduma ya kuzima lebo za RFID: king'ora kilizimwa, chipu ikabaki hai

Mwezi wa Novemba nilinunua vitu vinne katika duka kubwa la nguo hapa Duisburg, Ujerumani, ninakoishi na kufanya kazi ya utunzaji wa ghala: koti la mvua la mwanangu, suruali, shati na jozi ya viatu. Kila kimoja kilikuwa na lebo ya RFID, yaani kipande chembamba chenye chipu na antena, kisicho na betri, kinachopata nguvu zake kutoka kwenye mawimbi ya kisomaji kinachokiuliza. Kwenye kaunta ya kujihudumia niliviweka vyote ndani ya kisanduku, mashine ikavitambua kwa mara moja, nikalipa na kupata risiti. Sehemu hiyo ya huduma ninaisifu kwa moyo wote, maana foleni ya Jumamosi ambayo zamani ilinila nusu saa sasa haipo.

Karibu na mlango palikuwa na tangazo lililosema kwamba mteja anaweza kuomba lebo zake zizimwe bila malipo. Niliomba. Mhudumu alivipitisha vitu vyangu juu ya kibao cheupe, taa ya kijani ikawaka, akaniambia kwa upole kwamba lebo zote zimeshazimwa.

Siku ya pili, kwa ruhusa ya msimamizi wangu, nilivijaribu vitu hivyo kwa kisomaji cha mkononi tunachokitumia ghalani kuhesabia mizigo. Vyote vinne viliitika. Koti la mtoto liliitika nikiwa nimesimama karibu mita tatu kutoka mezani, na namba iliyotokea kwenye kioo ilikuwa kamili: namba ya aina ya bidhaa, ikifuatwa na namba ya pekee ya koti hilo moja, ambayo koti jingine la aina ile ile halina.

Kilichozimwa dukani, kwa hiyo, ni king'ora cha mlangoni. Duka linaweza kukinyamazisha kwa kuandika tu katika kumbukumbu zake kwamba bidhaa fulani imeuzwa, au kwa kubadilisha alama moja ndogo ndani ya chipu, na katika hali zote mbili chipu yenyewe huendelea kumjibu yeyote anayeiuliza kwa masafa yake. Kuizima kwa maana halisi ni jambo jingine. Kiwango cha Gen2, ambacho lebo za namna hii hukifuata, kimeipa chipu amri ya kuua inayolindwa kwa nywila ya biti 32. Amri hiyo ikipokelewa pamoja na nywila sahihi, chipu hunyamaza moja kwa moja na haifufuki tena. Nywila ikiwa ni sifuri tupu, chipu huikataa amri hiyo. Duka linalotaka kuua lebo kwa dhati hulazimika kuipa kila lebo nywila mapema, kuitunza, kisha kuituma kwenye kaunta, na hiyo ndiyo kazi ambayo duka hili halikuifanya.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu ya koti la mtoto. Namba ile haina jina lake wala anwani yetu, lakini anayeiunganisha na mvaaji mara moja anaweza kulitambua koti lile lile kila linapopita mbele ya kisomaji chake, na mwanangu huenda nalo shuleni kila siku. Hatari hiyo ina mipaka yake, nami sitaki kumtia mtu hofu ya bure: maji yaliyomo mwilini hudhoofisha mawimbi, na simu za kawaida haziwezi kuisoma lebo kama hii, kwa kuwa simu hutumia masafa ya megahezi 13.56 wakati lebo hizi hapa Ulaya husomwa kwenye megahezi 865 hadi 868.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba kosa hili si geni katika eneo hili. Rheinberg, mji mdogo ulio jirani na sisi, ndipo kampuni ya maduka ya Metro ilipofungua duka lake la majaribio mwaka 2003, na mwanzoni mwa 2004 wanaharakati wa FoeBuD, chama cha kutetea faragha, walionyesha kwamba mashine ya kuzima lebo iliyowekwa humo ilifuta namba ya bidhaa na kuiacha namba ya pekee ya chipu. Tarehe 12 Mei 2009 Kamisheni ya Ulaya ilitoa pendekezo kwamba lebo izimwe au iondolewe papo hapo mahali pa mauzo, bila malipo, isipokuwa mteja ameridhia ibaki au tathmini imeonyesha kwamba haielekei kuhatarisha faragha yake. Ni pendekezo tu, halina nguvu ya sheria, na ninaona hilo ndilo limewapa wenye maduka nafasi ya kuridhika na taa ya kijani.

Nilirudi dukani na kumweleza msimamizi wa zamu. Alinisikiliza vizuri, akakiri kwamba kibao kile hunyamazisha king'ora pekee, akaongeza kwamba lebo ikiuawa mteja hataweza kurudisha bidhaa. Nilimwomba walau tangazo lirekebishwe.

Kazi niliimaliza mwenyewe. Suruali na shati zilikuwa na lebo za karatasi ambazo kumbukumbu za chipu zake hazikufungwa zisiandikwe upya, kwa hiyo niliziandikia nywila yangu, nikatuma amri ya kuua, zikanyamaza. Kumbukumbu ya lebo ya viatu ilikuwa imefungwa. Lebo hiyo niliing'oa nikaikata vipande. Koti ndilo lililonifundisha, kwani lebo yake ilishonwa ndani ya mshono wa ubavuni. Nilipokata ncha ya antena peke yake, umbali wa kusomwa ulishuka kutoka mita tatu hadi upana wa kiganja, lakini chipu iliendelea kuitika, kwa sababu kile kitanzi kidogo cha antena kinachoizunguka chipu kinatosha kuitia nguvu kwa karibu. Inua lebo kwenye mwanga, tafuta nukta nyeusi katikati ya mistari ya chuma, kisha ukate hapo hapo kwenye nukta. Sumaku haifanyi lolote kwa chipu hizi, na oveni ya maikrowevu isijaribiwe kabisa, maana antena hutoa cheche na nguo inaweza kushika moto.

Kaunta ya kujihudumia naipa nyota tano. Huduma ya kuzima lebo naipa moja, ambayo ni ya upole wa wahudumu. Wiki moja baadaye suruali ilionekana kunibana, nikairudisha dukani hapo hapo pamoja na risiti, lebo yake ya karatasi ikiwa nzima na chipu ikiwa imekufa. Mhudumu alisoma msimbo wa mistari uliochapwa kwenye lebo, akanirudishia fedha zangu zote.