Nani akusimamie CMA? Wakili, chama cha wafanyakazi, msaada wa bure na mwakilishi binafsi

Mwajiri akishakukabidhi barua ya kuachishwa kazi, siku zinaanza kuhesabika, na kosa la kwanza la wengi ni kusaka wakili mwenye maneno. Kwa migogoro ya kazi Tanzania Bara, maneno huja mwishoni. Mgogoro hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na madai mengi ya wafanyakazi huzama pale kabla shahidi wa kwanza hajaapa, ama kwa sababu ya tarehe, ama kwa sababu ya fomu iliyojazwa ovyo. Ndiyo maana katika kuzipima huduma za uwakilishi zinazopatikana tumeangalia jambo moja kuliko yote: mtu huyu anaishughulikiaje fomu ya CMA F1, ile ya kufungulia mgogoro, na anaisomaje kalenda. (Zanzibar ina sheria zake za kazi, haimo humu.)

Sheria imefungua mlango mpana. Mbele ya CMA unaweza kusimama mwenyewe, kuwakilishwa na kiongozi au mwanachama wa chama chako cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu yeyote uliyemchagua, yaani mwakilishi binafsi. Tume haitozi ada ya kufungua mgogoro, kwa hiyo anayekudai "hela ya kufungulia faili CMA" ameshajitambulisha.

Tuanze na siku. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinatoa siku 30 kupinga uhalali wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine: mishahara isiyolipwa, likizo, saa za ziada, uvunjaji wa mkataba. Kwa kuachishwa, siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho. Maneno hayo ya "uamuzi wa mwisho" yamewaponza wengi waliokata rufaa ya ndani kwa meneja mkuu wakakaa wakisubiri jibu. Mwakilishi makini hahatarishi. Anahesabu tangu barua ya kwanza, na rufaa ya ndani inaendelea huku F1 ikiwa imeshapokelewa.

Ukichelewa, kuna fomu F2 ya kuomba kuongezewa muda, na huambatana na hati ya kiapo. Hapo ndipo utamjua fundi na kibarua. Fundi ataeleza kila siku ya ucheleweshaji: kuanzia tarehe hii hadi hii ulikuwa umelazwa, cheti cha hospitali hiki hapa, kuanzia tarehe ile ulikuwa wapi. Kibarua ataandika "nilichelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu" na kupiga mhuri. "Tulikuwa tunazungumza na mwajiri" mara nyingi haipokelewi kama sababu ya kutosha, hata kama mazungumzo yalikuwepo kweli.

Sasa F1 yenyewe. Mnapokutana mara ya kwanza, mwambie mwakilishi aijaze mbele yako, mkiwa na mkataba, slipu za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya michango ya NSSF na barua zote mezani. Cha kwanza kuangalia ni jina la mlalamikiwa. Hoteli, shule na viwanda vingi vinajulikana mtaani kwa jina la biashara, lakini mwajiri kisheria ni kampuni au bodi ya wadhamini yenye jina tofauti kabisa. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ikitoka dhidi ya jina la kwenye bango, siku ya kuikaza, yaani kulazimisha ilipwe, hakuna akaunti ya benki yenye jina hilo. Jina sahihi huonekana kwenye mkataba, kwenye taarifa ya NSSF, na kwa kampuni unaweza kulihakiki BRELA, wakala wa usajili wa kampuni na biashara. Kama uliajiriwa kupitia wakala, mwakilishi anatakiwa akuulize nani alikuwa anakulipa na nani alisaini barua ya kukuondoa. Asipouliza, mwambie wewe.

La pili ni aina ya mgogoro. Sehemu B ya F1 ni ya walioachishwa kazi tu, na humo hudaiwa kuwa kuachishwa hakukuwa halali, kwa sababu au kwa utaratibu. Mwenye mkataba wa muda maalumu uliokatishwa katikati kwa kawaida anadai uvunjaji wa mkataba na mishahara ya miezi iliyobaki. Akiingizwa kwenye kapu la kuachishwa isivyo halali, mwajiri atasimama na pingamizi, na pingamizi hilo lina nguvu. Vivyo hivyo aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo: ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumfikii, ingawa mshahara wake na notisi bado anavidai. Tumeona F1 zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka mgogoro wa mtu mwingine, hadi kada ya kazi haikubadilishwa.

La tatu ni madai. F1 ndiyo hati ya madai, na usichokiomba humo usitarajie kukipata kwenye tuzo. Kiinua mgongo, mshahara wa notisi, likizo uliyostahili, cheti cha utumishi, nauli ya kurudi mahali ulipoajiriwa pamoja na posho ya kujikimu wakati unasubiri nauli hiyo: vyote viandikwe, kwa tarakimu. Mpime mwakilishi kwa hesabu ya kiinua mgongo. Sheria inasema mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, kwa aliyetumikia walau miezi 12 mfululizo. Chukua mshahara wa msingi wa sh. 600,000, siku 6 za kazi kwa wiki, miaka 5 na miezi 4. Mshahara wa siku haupatikani kwa kugawa kwa 30. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini linataka ugawe kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki, yaani karibu 26, unapata kama sh. 23,079. Mara siku 7, mara miaka 5, ni karibu sh. 807,750. Aliyegawa kwa 30 atakuandikia 700,000, na laki moja na zaidi imepotea kabla hamjafika kwa msuluhishi. Ile miezi 4 haihesabiwi. Na kama uliachishwa kwa utovu wa nidhamu na ikathibitika ni halali, kiinua mgongo hakipo. Mwakilishi anayekuhakikishia "hicho ni chako tu" hajasoma.

Watumishi wa umma, pamoja na wa mashirika mengi ya serikali, wana njia nyingine. Tangu marekebisho ya 2016 wanatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, na Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri yaliyoanzia CMA kinyume cha hapo. Wakili akichukua pesa ya mtumishi wa shirika la umma na kukimbilia CMA bila kuligusa suala hili, amekula pesa ya bure. Aliyeumia kazini naye, madai yake ya fidia ya kuumia huanzia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Haya, tuwapime wenyewe.

Chama cha wafanyakazi ndicho tungekipa nafasi ya kwanza kwa mwanachama mwenye mgogoro wa kawaida. TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hotelini na majumbani, TPAWU kwa mashambani, TUGHE kwa serikali na afya: umeshakilipa kupitia makato ya mshahara, na kinaujua mkataba wa hali bora, ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, wa sehemu yako. Nguvu yake kubwa iko mapema, kwenye kikao cha nidhamu. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinakupa haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako na muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Wakili wa nje hatajwi hapo. Mwakilishi wa chama aliyekuwa kwenye kikao, akaandika nani alikuwa mwenyekiti, nani alileta ushahidi, saa ngapi barua ilitolewa, ana thamani kuliko wakili anayeletewa hadithi wiki tatu baadaye. Udhaifu upo. Katibu wa tawi ni mwajiriwa wa mwajiri huyo huyo na anaogopa kama wewe. Maafisa sheria ngazi ya mkoa ni wachache. Na kwenye kupunguzwa kazi, kama chama kilishasaini makubaliano ya kupunguza, usitarajie kije kuyapinga kwa moyo mmoja. Hapo tafuta mtu mwingine.

Taasisi za msaada wa kisheria, zinazosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, zinafaa sana kwa wa kipato cha chini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, ni mfano. Ukienda ukitegemea kupewa wakili wa kusimama nawe kila tarehe utasikitika, kwa kuwa mara nyingi utapata ushauri, kuandikiwa F1 au F2, na kuelekezwa jinsi ya kujisimamia. Kwa dai la mishahara ya miezi 3 na likizo, hicho kinatosha kabisa. Nenda wiki ya kwanza, maana foleni ipo na siku 30 hazisubiri foleni.

Mwakilishi binafsi ndiyo huduma yenye tofauti kubwa kuliko zote. Wapo maafisa rasilimali watu wastaafu na viongozi wa zamani wa vyama wanaoijua CMA kuliko wakili wa mirathi, na bei yao ni nafuu. Wapo pia vishoka wanaokaa nje ya ofisi wakijiita mawakili. Wakili wa kweli ana leseni inayohuishwa kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa simu yako hapo hapo. Asiyeonekana humo na akasema ni wakili, ondoka. Asiyeonekana na akasema wazi kuwa ni mwakilishi binafsi, endelea kumhoji. Mwakilishi binafsi anaruhusiwa hata Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, lakini huko nyaraka hazina mzaha: maombi ya marejeo, yaani ya kuipitia upya tuzo, yana notisi, wito na kiapo vyenye muundo wake, na wengi wao huangukia hapo.

Wakili wa kujitegemea mchukue pale dai ni kubwa, kuna suala la kisheria, au unajua mwajiri hatakubali mpaka ngazi ya mwisho. Jambo ambalo mawakili hawapendi kulitaja mwanzoni ni hili: kwenye migogoro ya kazi gharama za kesi hazirudishwi kwa aliyeshinda, isipokuwa upande mmoja umeendesha shauri la kipuuzi au la kusumbua. Ada unayolipa imekwenda. Wengi hukubaliana kwa asilimia ya kitakachopatikana, na hapo ubishi wa baadaye huanza. Iandikwe: asilimia ya tuzo kabla au baada ya kodi? Je, inagusa hata mshahara wa notisi na likizo ambavyo mwajiri alishakubali kulipa kabla wakili hajaja? Kwa maoni yetu isiguse. Mkisuluhishana siku ya kwanza, asilimia inashuka? Pesa italipwa kwenye akaunti ya nani? Na dai risiti ya EFD.

Usuluhishi una siku 30 kisheria, labda wahusika wakubaliane kwa maandishi kuongeza. Kinachosemwa mle hakitumiki kama ushahidi baadaye, kwa hiyo mwakilishi mzuri anakuja na namba mbili kichwani: ile ya F1, na ile ambayo chini yake hamsaini. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. "Wakili alikuwa mahakama nyingine" si udhuru wa kutegemea. Wewe mwenyewe fika kila tarehe.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda hatua ya uamuzi, na huko mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa kuachishwa kulikuwa halali. Angalia mwakilishi wako anavyoshughulika na mambo madogo. Nyaraka zilizobandikwa kwenye F1 bado si ushahidi mpaka shahidi azitoe, zipokelewe na kupewa alama ya kielelezo. Mazungumzo ya WhatsApp yanahitaji uthibitisho wa yalivyopatikana na kutunzwa. Kila shahidi aape kabla ya kusema, na mwamuzi asaini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi. Hili la kiapo na saini linaonekana kama urembo, lakini Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya CMA kwa sababu hiyo, na aliyekuwa ameshinda akarudishwa kuanza ushahidi upya baada ya miaka. Mwakilishi anayenyoosha mkono na kusema kwa adabu, "Mheshimiwa, shahidi hajaapa," amekuokolea zaidi ya hotuba yoyote ya kufunga.

Tuzo ikitoka, asiyeridhika ana wiki 6 tangu alipokabidhiwa kuomba marejeo Mahakama Kuu. Chukua nakala yako siku ileile na andika tarehe ya kuipokea. Mwajiri asipolipa wala kuomba marejeo, tuzo hukazwa kupitia Mahakama Kuu kama hukumu, kwa kukamata fedha benki au mali. Mikataba mingi ya uwakilishi tuliyoisoma inaishia "hadi tuzo itakapotolewa". Kabla ya kusaini, hakikisha kukaza kumo ndani ya ada ileile, au bei yake iandikwe hapo hapo, na iandikwe pia nani atakayemlipa dalali wa mahakama.