Tangi la kupozea feleji: kujaribu kwa mkono au kuiga kwa kompyuta?

Feleji inapotoka tanuruni ikiwa na joto la nyuzi 850 hivi za Selsiasi na kutumbukizwa katika mafuta, hufunikwa na utando wa mvuke unaozuia joto kutoka, na mkondo wa mafuta ukiwa hafifu upande mmoja, utando huo hukawia hapo, kipande kikapinda au hata kupasuka. Fundi anayehamisha rafadha, yaani pangaboi linalosukuma mafuta tangini, kwa kujaribu hupata jibu la kweli, lakini hulipata kwa kuharibu vipande, wala haoni kinachotendeka katikati ya shehena ya vipande. Uigaji wa kompyuta humwonyesha kasi ya mafuta katika kila upenyo kabla hajagusa tangi. Uchemkaji wa mafuta, hata hivyo, ni mgumu kuukokotoa. Ndiyo maana nauamini uigaji katika kupanga mkondo, na kipimajoto kilichopachikwa ndani ya kipande katika kuuthibitisha.