Ziara ya kanisa la kale Masasi: kampuni nyota moja, mzee wa funguo nyota tano

Naandika hii hasira ikiwa bado ipo na kabla sijasahau aliyotuambia yule mzee, maana nikisubiri kesho nitaishia kuandika "huduma mbovu" basi na nyie mtapanda gari lile lile.

Wifi yangu, mke wa kaka, ni Mmalawi wa upande wa Blantyre, Myao. Oktoba hii ndo kaja Mtwara mara ya kwanza, siku tatu tu akasema bahari kashaiona inatosha, anataka kupelekwa kwenye kanisa la zamani. Yeye Mpresbiteri, kanisa lao linaitwa CCAP, na kule kijijini kwao babu yake alikuwa mzee wa kanisa, historia ya kile kikanisa chao anayo kichwani yote, nani alichoma tofali, nani alitoa ng'ombe, nani aligombana na nani kuhusu bati. Mie ni Mlutheri wa Krismasi na Pasaka, nikasema haya twende Masasi, kuna Waanglikana wa siku nyingi. Nikatafuta watu wa utalii hapa mjini (siwataji, wanajijua), wakanipa bei elfu tisini kila kichwa, humo gari, chakula cha mchana, kiingilio, na mtu wa kutuelezea "mtaalamu wa historia".

Gari la saa kumi na moja alfajiri limefika saa mbili kasoro. Kiyoyozi hakuna, dereva anasema dada fungua dirisha upepo wa bure. Sasa Mtwara mpaka Masasi kwa kupitia Mnazi Mmoja ni kama kilomita 200, ukitoka saa hizo unafika jua la utosi, na njia nzima harufu ya mabibo inaingia dirishani, wifi anaomba tusimame anunue, dereva hataki, anawahi. Anawahi nini wakati kachelewa yeye. Chakula cha mchana chipsi za baridi zimefungwa kwenye foili na soda moja ya kugawana, nilidhani utani.

Ila hayo ningesamehe. Mtaalamu wa historia ndo kaniua. Kijana kavaa fulana ya kampuni, kasimama mbele ya kanisa, kashika simu anasoma, akatuambia kanisa hili alilijenga David Livingstone kwa mikono yake. Wifi akanigeukia. Mtu anatoka Blantyre, mji ambao jina lake lenyewe ni la kijiji alichozaliwa Livingstone kule Scotland, halafu unampiga fiksi ya Livingstone! Akamuuliza kwa upole, mdogo wangu, mwaka gani? Kijana akasema sabini na sita, elfu moja mia nane. Wifi akasema basi alijengea kaburini, maana alikufa 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo. Huku kwetu alishukia Mikindani 1866 akapandisha na Ruvuma, kapita zake. Kijana akasema mtandao unasumbua.

Ndo akatokea mzee. Funguo kazifunga kwenye leso, anatembea taratibu, akamsikiliza kijana kidogo, akasema mwanangu kapumzike kwenye kivuli nitawatembeza wageni mimi. Alivyosikia wifi anatoka wapi akabadili lugha, wakaanza Kiyao wawili, mie Mmakonde nimesimama pale kama mlingoti, mpaka wakakumbuka kunitafsiria.

Kwa ufupi alivyotueleza (na nyumbani nimekaa na kaka tumeulizia tena, yanakaa sawa): watu wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, walikuwa Zanzibar, soko la watumwa lilipofungwa 1873 wakabaki na watu wengi waliokombolewa, wengi asili yao huku bara, Wayao, Wanyasa. Askofu Edward Steere, huyo huyo wa sarufi na tafsiri za Kiswahili, 1876 akachukua hamsini na kitu kati yao akatoka nao Lindi kwa miguu, nia wafike mbele zaidi upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye haya majabali, maji yapo, ardhi nzuri, wakasema hapa hapa. Wakaachwa wajenge. Mzee alisema kitu ambacho kijana hawezi kukisoma kwenye simu: "Watu husema Wazungu walileta kanisa. Wazungu walikuwa wachache tu. Kanisa lilikuja na miguu ya waliokuwa watumwa."

Wifi akauliza mbona Nyasa wenyewe hawakufika. Mzee akacheka, akasema nyie Wapresbiteri mlishawahi. Kweli bwana, Wapresbiteri wa Scotland walifika ziwani na boti yao Ilala 1875, wakaanza misheni ya Livingstonia, na ya Blantyre ikaanza 1876, mwaka mmoja na Masasi. Hapo wifi akakaa chini kwenye benchi kabisa, akasema kumbe kanisa letu na hili ni mapacha waliolelewa nyumba mbili.

Na wamelelewa tofauti kweli! Tumeingia ndani harufu ya uvumba, mzee akatuonesha chetezo, cheusi kwa masizi, mnyororo mmoja umekatika kaungia waya wa kufungia baiskeli. Wifi ananinong'oneza hawa si Wakatoliki? Siyo, Waanglikana wa UMCA ndo walivyo, wana Misa, wana kuungama, padre anaitwa padre. Kwao wifi hakuna uvumba, hakuna askofu, mambo yanaamuliwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Akamuuliza mzee, hapa wazee walikuwa wanaamua nini? Mzee akafikiri kidogo, akasema "Walikuwa wanaamua kukubaliana na Askofu."

Habari ya Septemba 1882 aliisimulia akiwa kasimama nje anaangalia bondeni. Magwangwara, ndo Wangoni walivyoitwa huku, walivamia, wakachoma, wakaua, wakachukua watu. Fikiria mtu kakombolewa utumwani, kapata shamba lake, katekwa tena. Chauncy Maples aliyekuwa mkuu wa misheni akahamia Newala kwa chifu Matola na waliobaki, Masasi ikaja kufufuliwa baadaye. Alipotaja Maples wifi akaruka. Kuna meli kule kwao Malawi, Monkey Bay ziwani, inaitwa Chauncy Maples, kakua anaiona, alidhani jina la meli tu! Kumbe ni mtu, alikuja kuwa askofu wa Likoma akazama ziwani 1895, meli ikapewa jina lake. Akampigia baba yake simu pale pale mlangoni mwa kanisa, anapiga kelele mpaka kijana wa fulana akaamka kivulini.

Mzee alimtaja pia Cecil Majaliwa, Myao, alikombolewa akiwa mtoto akalelewa Zanzibar, akasomeshwa mpaka Uingereza, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre na misheni hiyo, 1890, akafanya kazi Chitangali. Mie nimesoma shule zote Mtwara hii hii, hilo jina sijawahi kulisikia darasani.

Lakini kilichotushika saa nzima ni jando. Dayosisi ya Masasi ilipata askofu wake wa kwanza 1926, Vincent Lucas, na huyu badala ya kuwakataza watu jando na unyago akasema tuviingize kanisani, tutoe visivyofaa, vingine vibaki. Mzee kazaliwa 1944, mwaka ambao Lucas anaondoka, naye kapita jando hilo la Kikristo, anakumbuka padre anakuja kambini asubuhi, ngariba anasubiri sala iishe, watoto wanaomba sala isiishe. Tulicheka hadi machozi. Wifi akasema kijijini kwao wazee wa kanisa walipiga marufuku kabisa, matokeo yake watu walikuwa wanapeleka watoto usiku, Jumapili wanakaa benchi la mbele na sura za kondoo. Wakarudi kwenye Kiyao, wakaendelea, nafikiri kulikuwa na sehemu ambazo hazikunihusu mie.

Askofu Trevor Huddleston, yule aliyepambana na makaburu Sophiatown kule Afrika Kusini, alikuwa hapa 1960 mpaka 1968. Mzee kabeba chetezo mbele yake ujanani. Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani, akasema mrefu, unatembea haraka kumfuata uvumba unamwagika.

Sasa la pesa. Kampuni ilinikata kiingilio ndani ya ile elfu tisini. Nikamuuliza mzee wanaleta shilingi ngapi hapa, akasema hajawahi kuona. Nilitoa elfu ishirini yangu, akafungua daftari, akaandika jina langu na kiasi, akanipa risiti ya mkono, hela akatumbukiza kwenye sanduku. Nimewapigia kampuni mara nne kuhusu hicho kiingilio, mara ya tano namba haipatikani.

Kwa hiyo mkitaka kwenda panda basi la asubuhi stendi, Masasi mwambie boda akupeleke Mtandi kanisani kwa Waanglikana. Vaa viatu vya kutembea, beba maji, na ukifika uliza mzee wa funguo. Usiende saa saba mchana, saa saba analala.