Bampa na breketi za kuvutia 4x4: zipi ununue, zipi uziache

Kama unaishi Tanga na una Jimny, Land Cruiser au Defender, iko siku litavutwa. Litakufia njia ya Amani wakati wa masika, au utalinunua bovu Muheza na kutaka kulifikisha kwa fundi wako Ngamiani. Watu huanza kwa kuuliza: nifunge bampa gani? Na mimi nilianza hapo hapo, nikapata hasara.

Bampa yangu ya kwanza ilikuwa nzito, nyeusi, na masikio mawili mbele ya kutia pingu za chuma. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hii inavuta hata Fuso." Na kweli ilinitoa kwenye tope mara tatu bila shida. Kisha nikavutwa nayo kutoka Muheza, kilomita 35 hivi, kwa chuma cha kukokotea. Tulipofika Kange nikainama kukagua. Pembeni mwa sikio la kushoto rangi ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele, na ndani yake kutu ilikuwa inachungulia. Nikalishika sikio, likacheza mkononi. Kutu ile haikuwa ya siku moja. Ufa ulikuwepo tangu siku za tope, safari ya Muheza iliufungua tu.

Kukwamua na kuvuta ni kazi mbili tofauti. Ukikwamua, ni mvuto mmoja mkubwa, mnyoofu, basi. Ukivuta gari barabarani matairi yote manne yakiwa chini, chuma kinavuta mlimani, kinasukuma kila dereva wa mbele akikanyaga breki, na kinapinda kila kona, safari nzima. Kwa hiyo kitu unachonunua hasa ni njia ya nguvu kutoka kwenye chuma cha kukokotea mpaka kwenye chesisi. Mpangilio wangu unafuata hilo.

Namba moja ni breketi zinazofungwa moja kwa moja kwenye chesisi, kushoto na kulia, na chuma cha kukokotea cha umbo la A kikishika pande zote mbili. Bampa ibaki ni bampa, isibebe kazi hii. Ukienda kwa fundi, taka bati lisilopungua unene wa milimita 10 na bolti zilizogongwa namba ya uimara, 8.8 au 10.9, kichwani. Bolti isiyo na namba irudishe dukani, hata ikiwa inang'aa. Mimi sikubali pungufu ya M12, yaani unene wa milimita 12, tena mbili au zaidi kila upande, na nati za kujikaza. Breketi hizi hazina urembo wowote na zikifungwa hazionekani. Ndiyo maana maduka mengi hayaziweki mbele.

Namba mbili: bampa ya kiwandani ambayo masikio yake yameunganishwa na bati linalopita nyuma hadi kwenye chesisi, na mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa kuvutiwa, si kukwamulia tu. Kule Marekani watu huvuta Jeep Wrangler hivi nyuma ya magari makubwa ya kulala, na kampuni kama Roadmaster na Blue Ox zinatengeneza vyuma vya kazi hiyo. Hapa angalia tundu. Pini ya pingu ya inchi 3/4 ina unene wa milimita 22 hivi, na bampa nyingi zimetobolewa kubwa kuliko hapo. Nafasi ile ndogo inageuka nyundo: kila ukipunguza mwendo, pini inagonga. Tumia kiunganishi kinachojaa tundu, usiegemee pingu yenyewe.

Namba tatu ni bampa ya kuchomelewa hapa hapa. Siidharau, mafundi wetu wanajua chuma. Ila usiinunue ikiwa imeshapakwa rangi. Ione ikiwa mbichi, uone mshono umeingia pande zote mbili za sikio na si vidoti vitatu vilivyofunikwa na puti. Sikio lipite ndani ya bampa na kushikwa na bati la nyuma; lililobandikwa juu tu litang'oka kama langu. Na kwa chumvi ya bahari yetu, hasa ukikaa Raskazone au ukiwa mtu wa Pangani, kagua mishono hiyo kila baada ya masika.

Chuma kimoja kilichonyooka, kutoka ndoano hadi ndoano, ni cha kufika gereji ya karibu tu, dereva akiwa ndani. Kamba sikuipa hata namba. Na zile ndoano nyembamba chini ya gari ni za kufungia gari melini, si za kuvutia.

Hata breketi nzuri haitakuokoa kama gari lenyewe hujaliandaa. Transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, iwe N (huru), na usukani usiwe umefungwa. Jeep ya gia za mkono inaachwa kwenye gia, ya otomatiki kwenye P, transfa ikiwa N. Kama gari lako halina N kwenye transfa, fungua propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye matairi) au lipakie kwenye gari la kubebea, usibahatishe giaboksi. Wenye Defender za zamani mnisikilize: breki yenu ya mkono inashika propela ya nyuma. Ukiifungua propela hiyo, huna breki ya mkono, kwa hiyo weka vigingi kwenye matairi kwanza.

Jimny ya sasa ina tani 1.1 hivi, Hilux inaimudu. Land Cruiser ya zaidi ya tani mbili nyuma ya Hilux hiyo hiyo itaisukuma kwenye mteremko, na kumbuka injini ikiwa imezimwa breki za gari la nyuma zinakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara chache. Kuteremka kutoka Amani kwa namna hii mimi sifanyi, nalipia gari la kubebea.

Pamoja na breketi nunua minyororo miwili ya usalama, ipishane chini ya chuma cha A ili kikichomoka kidakwe kisichimbe lami, na waya wa taa za nyuma. Chuma kilale sawa na ardhi, tofauti ya urefu isizidi inchi 3. Usirudi nyuma hata mita moja. Matairi ya mbele yatajigeuza na kupinda kila kitu ulichonunua.

Ukitoka, simama baada ya kilomita 5. Shika kila bolti kwa mkono, angalia rangi kuzunguka masikio, ndipo uendelee.